Nasaba ya Perege: Jinsi Jenomu Inavyofichua Undugu wa Viumbe

Katika tambarare ya kusini mwa Ziwa Rukwa, wilayani Momba katika Mkoa wa Songwe, ipo Ivuna, mahali ambapo jina lake limo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Wanaakiolojia wanaifahamu kwa chemchemi zake za maji ya chumvi, ambako uchimbaji wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi karne kadhaa kabla ya kuja kwa wageni kutoka Ulaya. Wataalamu wa vimondo wanaifahamu kwa jiwe lililoanguka kutoka angani tarehe 16 Desemba 1938, lenye uzito wa gramu 700 hivi. Kundi moja la vimondo vilivyo adimu sana hutambulishwa kwa herufi CI, na hiyo I ni herufi ya kwanza ya jina Ivuna.

Kimondo hicho kilipewa nafasi yake kwa kuchunguzwa elementi zilizomo ndani yake na kiasi cha kila moja. Umbo na rangi ya nje havikutosha. Kanuni hiyo ya kupita ganda na kutazama yaliyomo ndani ndiyo inayoongoza leo uchunguzi wa undugu wa viumbe hai. Hata hivyo ipo tofauti moja kubwa ambayo mwanafunzi anapaswa kuishika tangu mwanzo. Mawe mawili huweza kufanana kwa sababu yametokana na malighafi moja, lakini jiwe halizai jiwe. Kiumbe hai huzaa kiumbe hai, na kila mzazi humwachia mwanawe nakala ya maelekezo ya kuujenga mwili. Kwa hiyo kufanana kwa viumbe, kukipimwa vizuri, husomeka kama historia ya ukoo.

Mfano mzuri wa jambo hili hauko mbali na Ivuna. Katika maji ya Rukwa wanaishi samaki ambao Watanzania wengi huwaita perege. Wataalamu huwaweka perege hao katika jenasi iitwayo Oreochromis, pamoja na sato wa Ziwa Viktoria na jamaa zao wengine walioenea katika mito na maziwa ya Afrika. Jenasi hiyo ilianzishwa mwaka 1889 na Albert Günther kutokana na samaki wa Ziwa Chala, chini ya Mlima Kilimanjaro. Perege wa asili wa Rukwa, Oreochromis rukwaensis, alielezwa kisayansi mwaka 1903. Kwa miaka mingi undugu wa samaki hawa ulikadiriwa kwa kuhesabu miiba ya mapezi, kupima taya na meno, na kuangalia rangi za madume wakati wa kuzaana. Siku hizi wataalamu husoma jenomu yao nzima, na usomaji huo umeleta habari ambazo macho peke yake yasingeziona.

Kitabu kilichomo ndani ya seli

Methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka inaeleza ukweli ambao biolojia imeuthibitisha kwa namna yake. Ndani ya kiini cha kila seli ya perege zimo kromosomu 44, nusu yake kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA, na uzi huo umepangwa kwa besi za aina nne ambazo huandikwa kwa herufi A, C, G na T. Jumla ya herufi zote katika seti moja ya kromosomu ndiyo huitwa jenomu.

Jenomu ya sato ina herufi zipatazo bilioni moja. Kama zingepigwa chapa kwa herufi 2,000 katika kila ukurasa, zingejaza kurasa 500,000, yaani vitabu 1,000 vyenye kurasa 500 kila kimoja. Maktaba hiyo yote hunakiliwa kila seli inapogawanyika, na hunakiliwa tena kila samaki anapotengeneza mayai au mbegu za kiume.

Kunakili huko ni kwa uangalifu wa ajabu, lakini si kukamilifu. Mara chache herufi moja huwekwa mahali pa nyingine. Uchunguzi wa samaki wa Ziwa Nyasa walio wa familia moja na perege, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha jenomu za wazazi na za watoto wao, ukakadiria kwamba kwa kila herufi bilioni moja huzuka makosa mapya matatu au manne katika kizazi kimoja. Makosa mengi kati ya hayo hayadhuru wala hayafaidishi. Hata hivyo hayafutiki kwa urahisi. Mzazi humrithisha mtoto, naye humrithisha mjukuu, na hivyo alama ndogo iliyozuka kwa samaki mmoja huweza kuonekana kwa maelfu ya wazao wake. Alama hizo ndizo wino ambao historia ya ukoo imeandikwa nao.

Jinsi mti wa nasaba unavyochorwa

Kazi huanzia ziwani. Mtafiti hukata kipande kidogo cha pezi, akakitia katika kichupa cha alkoholi, na kuandika tarehe, mahali na sura ya samaki aliyevuliwa. Katika maabara DNA hutolewa, hukatwa vipande vifupi, na mashine husoma mpangilio wa herufi za kila kipande. Kompyuta hupanga mamilioni ya vipande hivyo kwa kuvilinganisha na jenomu ya kielelezo iliyokwisha kusomwa kikamilifu. Jenomu ya sato ni mojawapo ya jenomu tano za samaki wa familia hii zilizochapishwa mwaka 2014. Mwenzake mmoja katika orodha hiyo ni Pundamilia nyererei wa Ziwa Viktoria, ambaye jina lake la kisayansi lilitolewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Baada ya hapo huanza ulinganishaji. Msomaji achukue mfano mdogo wa kubuni, wenye samaki wanne na herufi nane tu:

Samaki wa kwanza:  T C A T A G G A
Samaki wa pili:  T C A T A G G C
Samaki wa tatu:  T C G T A C G C
Samaki wa nne:  A C G T A C G A

Samaki wa nne amechaguliwa makusudi kutoka ukoo wa mbali, ili aonyeshe hali ya kale ilivyokuwa. Mahali pa kwanza yeye ana A, na wengine wote watatu wana T. Maelezo rahisi ni kwamba badiliko hilo lilitokea mara moja kwa babu wa hao watatu, nao wakalirithi. Mahali pa tatu na pa sita, samaki wa kwanza na wa pili wanashiriki herufi mpya ambazo wa tatu hana. Kwa hiyo hao wawili ni ndugu wa karibu, na samaki wa tatu ni binamu yao. Herufi za mahali pa pili, pa nne, pa tano na pa saba ni sawa kwa wote, nazo hazisemi lolote juu ya nani ni ndugu ya nani.

Hapo kuna kanuni muhimu. Kinachothibitisha undugu wa karibu ni kushiriki badiliko jipya. Kushiriki herufi ya kale iliyorithiwa na ukoo mzima hakutoshi, kama vile watu wawili kuwa na vidole vitano hakuthibitishi kwamba wamezaliwa nyumba moja.

Mabadiliko hayo huweza pia kutumiwa kama saa. Ikiwa koo mbili zimetengana kwa vizazi 100,000, na kila kizazi kimeongeza makosa kwa kadiri iliyotajwa hapo juu, basi kila ukoo utakuwa umebadilika herufi 350 katika kila milioni moja, na tofauti kati yao itakuwa herufi 700 katika kila milioni. Mtaalamu hufanya hesabu hii kinyumenyume: hupima tofauti, hutoa zile zilizokuwapo tayari miongoni mwa mababu kabla ya kutengana, kisha hukadiria idadi ya vizazi. Saa hii haina usahihi wa saa ya mkononi, kwa kuwa urefu wa kizazi na kasi ya makosa hutofautiana baina ya viumbe, lakini huweza kutenganisha jambo la juzi na jambo la miaka laki moja.

Sura huweza kudanganya

Swali la haki ambalo mwanafunzi angeweza kuuliza ni hili: kwa nini gharama yote hiyo, wakati samaki wanaonekana kwa macho? Jibu ni kwamba umbo la mwili hufuata mambo mawili kwa pamoja, yaani ukoo na mazingira, na kwa macho si rahisi kuyatenganisha.

Maziwa ya Tanganyika na Nyasa yana samaki wanaofanana sana kwa midomo minene, kwa vichwa vyenye nundu au kwa meno ya kukwangua mwani juu ya mawe. Mtu angedhani kwamba wanaofanana ni ndugu. Mwaka 1993 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba sura hizo zilizuka upya katika kila ziwa, kwa sababu kazi ya kutafuta chakula ilikuwa moja. Samaki wa Nyasa mwenye midomo minene ni ndugu wa karibu zaidi na majirani zake wa Nyasa wasiofanana naye kuliko na mfano wake wa Tanganyika.

Kinyume chake pia hutokea. Katika maji ya magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, yaliyo makali kiasi cha kuwaua samaki wengi, wanaishi samaki wadogo ambao walipewa jenasi yao wenyewe, Alcolapia, kwa jinsi walivyoonekana kuwa tofauti. DNA imewarudisha nyumbani. Katika mti wa nasaba samaki hao wamo ndani ya matawi ya Oreochromis, yaani ni perege waliobadilishwa na ukali wa makazi yao.

Pale matawi yanapokutana tena

Sasa msomaji arudi kwenye mfano wa herufi nane. Mahali pa nane pana jambo la ajabu: samaki wa pili ana C sawa na samaki wa tatu, ilhali ndugu yake wa kwanza ana A ya kale. Herufi hiyo moja inapingana na mti uliochorwa kwa herufi nyingine.

Mgongano wa namna hii huweza kuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni bahati ya urithi. Huenda babu wa samaki wote watatu aliishi katika kundi lenye herufi zote mbili, A na C, na koo zilipogawanyika kila moja ikabaki na herufi iliyoiangukia. Sababu ya pili ni kuchanganyika: kwamba muda mrefu baada ya koo kutengana, samaki wa ukoo wa tatu alizaana na wa ukoo wa pili, na jeni zake zikapenya humo.

Herufi moja haiwezi kuamua kati ya sababu hizo mbili, bali jenomu nzima yaweza. Ikiwa sababu ni bahati, basi mahali ambapo samaki wa pili anafanana na wa tatu patakuwa sawa kwa idadi na mahali ambapo samaki wa kwanza anafanana na wa tatu, kwa maana bahati haina upendeleo. Ikiwa upande mmoja umezidi mwingine kwa maelfu, bahati haitoshi kuwa maelezo, na mtaalamu ana haki ya kusema kwamba koo hizo zilichanganyika. Hii ndiyo sababu ya kusoma jenomu nzima badala ya jeni moja au mbili. Uchunguzi wa miaka ya nyuma ulitegemea sana DNA ya mitokondria, ambayo kwa perege ina herufi zipatazo 16,600 tu na hurithiwa kwa mama peke yake. Hiyo ni sawa na kuandika historia ya ukoo kwa kuwahoji bibi wa upande mmoja na kuwasahau wengine wote.

Jenomu huonyesha hata wakati wa mchanganyiko. Mtoto wa kwanza wa perege wawili wa spishi tofauti hupokea kutoka kwa kila mzazi kromosomu nzima zisizokatwa. Kila kizazi kinachofuata, kromosomu za pande mbili hubadilishana vipande. Baada ya vizazi vichache vipande vya ukoo mgeni bado ni virefu, na baada ya maelfu ya vizazi hubaki chembechembe zilizotawanyika. Kwa hiyo vipande virefu ni dalili ya mchanganyiko wa karibuni, na vifupi ni dalili ya mchanganyiko wa kale.

Jenomu 575 za perege

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye aina nyingi zaidi za perege wa asili. Kwa muda wa miaka mingi watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, wakiwemo Benjamin Ngatunga na Asilatu Shechonge, wameshirikiana na wenzao wa Uingereza kukusanya samaki hao katika mito, mabwawa na maziwa ya nchi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya kusoma jenomu za samaki 575 wa spishi 23 za Oreochromis, na kwa mara ya kwanza jenasi hiyo ikapata mti wa nasaba uliojengwa kwa jenomu nzima.

Mti huo ulionyesha kwamba matawi ya perege yalikutana mara nyingi katika zama za kale. Tukio moja lilitokea katika nyanda za juu zilizo jirani na Songwe. Wilayani Rungwe liko ziwa dogo la kreta liitwalo Kyungululu, ambalo katika maandiko ya zamani huitwa Chungruru. Humo anaishi perege aitwaye Oreochromis chungruruensis, aliyepewa jina mwaka 1924, na ambaye makazi yake ya asili ni ziwa hilo tu. Jenomu yake inaelekeza kwamba spishi hiyo yenyewe ilitokana na kuchanganyika kwa koo mbili. Wazao wa mchanganyiko huo waliendelea kuzaana wao kwa wao hata wakawa watu wa nyumba yao wenyewe. Aidha, uchunguzi wa mwaka 2017 juu ya furu na jamaa zao wa eneo la Ziwa Viktoria ulifikia habari inayofanana na hiyo: wingi wa spishi zao ulipata nguvu kutokana na koo mbili za mbali zilizokutana na kuchanganya jeni zao.

Hivyo mti wa nasaba wenye matawi yanayoachana daima ni picha ya kweli, lakini si picha kamili. Historia ya perege yafanana zaidi na mto wa tambarare wakati wa masika: hugawanyika mikono, mikono mingine hukauka, na mingine hukutana tena mbele ya safari.

Uchunguzi uo huo uligundua pia mchanganyiko wa namna nyingine, wenye vipande virefu, yaani wa karibuni. Huo uliletwa na binadamu. Kwa miongo mingi sato na perege wengine wa kigeni wamepandwa katika mabwawa na maziwa ili kuongeza kitoweo, au wametoroka katika mabwawa ya kufugia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba perege wageni walikuwa wameenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania. Sato hukua mkubwa, huzaa kwa wingi, na huzaana bila shida na jamaa zake wenyeji.

Habari ya perege wa Korogwe, Oreochromis korogwe, yafaa kukumbukwa. Spishi hii ilijulikana kaskazini mashariki, katika Mto Zigi na maji ya jirani. Kati ya mwaka 2013 na 2016 watafiti waliikuta pia kusini kabisa, katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa. Ilidhaniwa kwamba huenda watu waliwahamisha samaki hao. Jenomu zikajibu kwamba makundi hayo mawili yalitengana yapata miaka 140,000 iliyopita, hivyo samaki wa kusini ni hazina ya pekee iliyokuwapo tangu kale. Lakini jenomu zilezile zikaonyesha kwamba katika maziwa yote matatu wamekwisha kuonekana machotara wa samaki hao na sato. Hazina hiyo ilitambuliwa wakati ambapo tayari ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Bonde lisilo na mlango

Mambo hayo yanalihusu Ziwa Rukwa kwa namna ya pekee. Mito ya Momba na Songwe humwaga maji yake humo, lakini hakuna mto utokao. (Mto huu wa Songwe usichanganywe na mwenzake wa jina hilohilo uendao Ziwa Nyasa.) Maji hupungua kwa mvuke tu, na kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi, ukubwa wake hubadilika sana kati ya miaka ya mvua na miaka ya ukame. Yapata miaka 10,000 iliyopita, wakati wa mvua nyingi, ziwa lilijaa hata maji yakafurika kuelekea Tanganyika. Mlango huo umefungika siku nyingi. Samaki waliobaki ndani wameishi na maji yanayokuja na kuondoka, yenye chumvichumvi, na kila ukame umechagua miongoni mwao wale waliostahimili.

Perege wa asili wa Rukwa hayuko peke yake tena. Ngege, Oreochromis esculentus, ambaye asili yake ni eneo la Ziwa Viktoria, alipandwa Rukwa naye akastawi. Ngege huyo ana funzo la pande mbili. Katika ziwa lake la asili alikuwa samaki muhimu wa biashara, lakini baada ya sato na sangara kuingizwa huko kuanzia miaka ya 1950 alipungua hata akawa adimu katika ziwa kuu. Yeye aliyekuwa mhanga nyumbani ni mgeni katika nyumba ya mwingine.

Spishi huweza kupotea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kufa, na huonekana kwa nyavu kurudi tupu. Njia ya pili ni kuchanganyika hadi kusahaulika, na hiyo haionekani sokoni, kwa sababu nyavu zinarudi zimejaa na perege bado anaitwa perege. Mvuvi haoni hasara yoyote siku hiyo. Kinachopotea ni maelekezo yaliyoandikwa kwa maelfu ya miaka juu ya namna ya kuishi katika maji yale hasa: kustahimili chumvi, joto, ukame na magonjwa ya huko.

Ipo hoja ya upande wa pili nayo ni ya haki. Ikiwa mchanganyiko wa kale ulizaa spishi mpya Kyungululu, kwa nini mchanganyiko wa leo uogopwe? Tofauti iko katika muda, utengano na wingi. Koo za kale zilikutana katika sehemu chache, wazao wao wakabaki peke yao kwa vizazi vingi, na wazazi wao wakaendelea kuishi kwingine. Leo spishi ileile moja hupelekwa kila bonde, mwaka baada ya mwaka. Matokeo yake ni kufananisha maziwa yote, mahali ambapo zamani kila ziwa lilikuwa na lake.

Hasara hiyo humfikia pia mfugaji wa samaki. Perege ni miongoni mwa samaki wanaofugwa zaidi duniani, na wataalamu wa mbegu bora hutafuta jeni za kustahimili maji mabaya na maradhi. Maghala ya jeni hizo ni perege wa asili. Atakayeacha ghala liteketee hatakuwa na mbegu atakapoihitaji.

Kwa hiyo nasaba ya samaki imekuwa jambo la kutumiwa na wapangaji wa maendeleo. Kabla ya vifaranga kupelekwa katika bwawa jipya inafaa kujua ni wa spishi gani, wametoka bonde gani, na kama maji ya bwawa hilo huungana na mto wakati wa mafuriko. Pale ambapo perege wenyeji wanaweza kufugwa, ni busara kuanza nao. Shule zilizo karibu na mito na maziwa nazo zina nafasi yake: picha ya samaki iliyopigwa vizuri, pamoja na tarehe, mahali na jina ambalo wenyeji humwita, ni kumbukumbu ambayo mashine ya kusoma DNA haiwezi kuitengeneza. Jenomu husema samaki ametoka katika ukoo gani. Waishio ufukweni ndio wawezao kusema alionekana lini kwa mara ya kwanza, na ni nani aliyemleta.

Zoezi la darasani

1. Katika mfano wa herufi nane, aongezwe samaki wa tano mwenye mpangilio T C G T T C G C. Je, awekwe karibu na samaki yupi katika mti wa nasaba? Herufi ipi haisaidii kujibu swali hilo, ingawa ni mpya?

2. Makundi mawili ya samaki yametengana kwa vizazi 40,000. Kwa kutumia kadiri ya mabadiliko 3.5 katika kila herufi bilioni moja kwa kizazi, tafuta tofauti inayotarajiwa kati yao katika kila herufi milioni moja.

3. Mkulima anataka kuchimba bwawa la samaki kando ya Mto Momba, mahali panapofikiwa na mafuriko. Jadilini faida na hatari za kupanda sato humo, mkizingatia kwamba Ziwa Rukwa halina mto utokao.